Msamaha Ulioliwa Nikiwa Kazini

Sheria niliijua kwanza nikiwa nimeshika sambusa mkononi. Ilikuwa kwenye ukumbi wa hoteli moja ya Embu mjini, saa za chai ya saa nne, na wakili wa kike aliyetoka Meru kuja kutufundisha alianza kuzungumza kabla wengine hatujamaliza kutafuna. Kiwanda chetu cha chai kilikuwa kimetutuma sisi wa ofisini kwenye semina hiyo kwa sababu mkubwa fulani mahali fulani alikuwa ameamua kwamba kila kiwanda kifundishwe. Hakuna aliyetarajia kujifunza kitu. Tulitarajia chakula cha mchana, soda na kurudi nyumbani mapema.

Wakili yule alikuwa mdogo wa umbo, na sauti yake haikuwa na haraka. Alisema sheria ya kazi inautambua unyanyasaji wa kingono kwa sura zaidi ya moja. Mkubwa wako akikutaka mwili kwa kukuahidi mema kazini, hilo limo. Akikutaka kwa kukutisha kwamba utaumia ukikataa, hilo limo. Maneno machafu yamo, picha zimo, na kushikwa usikotaka kumo. Wanaume wa meza ya nyuma wakaanza kucheka, na mmoja akauliza kama sasa kumwambia mwanamke amependeza ni jambo la kupelekana kortini. Wakili akamtazama bila kukasirika, akamwambia kwamba cha kuuliza ni kama huyo mwanamke anayataka hayo maneno, na kama hayataki, yanamfanya nini kazini. Kisha akasema neno lililonifanya niiweke ile sambusa chini. Alisema sheria haikuulizi kama ulipiga kelele.

Mimi sikuwa nimepiga kelele. Kwa miezi mingi nilikuwa nimejihukumu kwa hilo, nikijiambia kwamba mtu aliyenyamaza hana kesi, na sasa mwanamke nisiyemjua alikuwa amesimama mbele ya watu wote akinifungulia mlango ambao sikujua kama upo.

Msimamizi wetu alikuwa ameketi mstari wa mbele. Sote tulimwita bosi, na hapa nitamwita hivyo hivyo. Alisikiliza vizuri kuliko mtu yeyote. Aliuliza maswali ya maana, akataka kujua kama kiwanda chenye watu wengi kama chetu kinalazimika kuwa na sera iliyoandikwa, na wakili akamsifu kwa swali hilo, akasema ndiyo, mwajiri mwenye watu ishirini au zaidi hana hiari. Mwisho wa semina, kwa kuwa ni mzee wa kanisa, bosi ndiye aliyeombwa afunge kwa sala. Aliomba vizuri pia. Alimwomba Mungu awalinde dada zetu kazini. Nilifumba macho kama wengine, na masikio yangu yalikuwa yanawaka kwa hasira.

Inafaa nieleze alichokuwa akinifanyia, na nitakieleza mara moja tu. Kiwanda chetu kilikuwa juu huko upande wa Kibugu, mahali ambapo mashamba ya chai yanaishia msituni na asubuhi ukungu unaingia hadi ofisini pamoja nawe. Nilikuwa karani, kazi yangu ikiwa kupokea taarifa za uzani wa majani mabichi kutoka vituo vya kununulia chai na kuziingiza kwenye kompyuta. Mkataba wangu ulikuwa wa muda. Wa kuamua kama nitaandikwa kazi ya kudumu alikuwa bosi.

Kulikuwa na chumba cha kuonjea chai. Kila asubuhi vikombe vyeupe vilipangwa kwenye meza ndefu, chai ya jana ikamwagiwa maji moto bila maziwa wala sukari, na waonjaji wakapita na vijiko, wakivuta kwa kelele na kutema. Kufikia saa tano chumba kilikuwa kitupu, na hapo ndipo bosi alipoanza kuniita, eti nijifunze ladha, kwa sababu karani mzuri anafaa kuijua chai anayoiandika. Mlango aliurudisha polepole, kama mtu anayehofia kumwamsha mtoto. Mara ya kwanza alinishika bega. Baadaye hakuishia begani. Siku moja alinishika kiuno kwa nguvu, akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayenieleza mambo ya likizo:

"Contract yako iko kwa mkono yangu. Na mkono yangu unaona iko wapi."

Siku hiyo mlango ulifunguka. Alikuwa karani mwenzetu wa siku nyingi, mama mmoja wa Embu aliyekaribia kustaafu, amekuja kuchukua trei. Alituona. Aliniona nilivyokuwa nimejikunja, na aliuona ule mkono. Akasema pole, kama mtu aliyemkanyaga mwenzake, akachukua trei akatoka. Mchana aliniletea chai mezani, akainama akaniambia kwamba ameona, na siku wakimuuliza atasema alichoona. Nilimwita mama toka siku niliyofika pale, lakini siku hiyo nilimwita mama kwa moyo wangu wote.

Kwa hiyo baada ya semina nilijua kwamba nina kila kitu. Sheria ninayo na shahidi ninaye. Nilichokitaka hakikuwa kikubwa. Nilitaka kazi yangu isiguswe, na nilitaka mtu mwenye cheo amwambie yule mwanamume, mimi nikiwa nimeketi pale pale nikisikia, kwamba alichonifanyia ni kosa. Sikutaka afungwe. Sikutaka hata ahamishwe. Nilitaka liwe limesemwa.

Niliitafuta sera ya kiwanda. Ilikuwepo, imeandikwa vizuri, imebandikwa ukutani katika ofisi ya meneja, nyuma ya mlango. Mlango ukiwa wazi, na ulikuwa wazi siku nzima ili wakulima waone kwamba meneja ni mtu wa watu, sera haikuonekana. Nilimwomba karani wa zamu anifungie mlango kwa dakika chache, nikaisoma nikiwa nimesimama. Ilisema nina haki ya kufanya kazi bila kunyanyaswa. Ilisema pia kwamba jina langu halitatajwa ila kwa wale ambao ni lazima wajue.

Nikapeleka malalamiko yangu kwa meneja. Lazima niseme ukweli, alinipokea vizuri. Alinipa maji ya kunywa, akaniambia nimefanya jambo la ujasiri, na akaahidi kwamba kamati itaketi baada ya wiki mbili hivi kunisikiliza. Nilitoka ofisini mwake nikiwa nimejipa moyo. Jumapili iliyofuata kanisa zima lilijua. Kwa hesabu ya wakubwa wetu, nadhani, kanisa zima ni lazima lijue. Wanawake waliokuwa wakinibeba na vicheko vyao baada ya ibada walinisalimia kwa ncha za vidole, na bosi alisoma somo la kwanza.

Nyumbani kwetu ni Kiirua, mbali na Kibugu, upande wa pili wa mlima ambako hakuna chai wala ukungu. Kuna viazi, ngano na upepo, na baba alilima viazi vyake na kufuga ng'ombe wawili kwa utulivu wa mtu asiye na deni na mtu. Mama alikuwa akipeleka viazi hivyo sokoni Gakoromone, Meru mjini. Nilikuwa nimemweleza mama habari za bosi kwa simu, na nilijua kwamba atamweleza baba, kwa sababu hakuna njia ya kumweleza mama jambo likaishia kwake. Baba hakunipigia. Nilidhani ni aibu inamzuia. Mzee wa Kimeru hazungumzi na binti yake kuhusu mambo ya kushikwa kiuno.

Jumamosi moja kabla ya kamati kuketi, nikiwa kazini kwa kuwa ulikuwa msimu wa majani mengi, bosi alikodi gari na kwenda Kiirua. Njia ya kwetu aliipata kwenye faili yangu. Alikwenda na wazee wenzake wa kanisa, na mmoja wao alikuwa mume wa yule mama karani, shahidi wangu. Walibeba kondoo dume. Zamani wangebeba na pombe ya asali, lakini kwa kuwa wote ni watu waliookoka walibeba kreti za soda, sukari, na blanketi la mama.

Hapa nahitaji kueleza kitu ambacho wakili hakukieleza kwenye semina, kwa sababu hakiko kwenye sheria yake. Kwetu, na kwa watu wa Embu pia, mtu akikukosea vibaya na akataka yaishe, hukuletea kondoo. Kondoo huyo hachinjwi kabla ya kosa kutajwa. Aliyekosa husimama na kulitaja kwa mdomo wake, wazee wakisikia, na hapo ndipo kisu kinatolewa. Watu wakishaila ile nyama, neno lile halitajwi tena na yeyote aliyekula, wala na yeyote wa nyumba yake. Atakayelitaja ndiye atakayekuwa mkosaji sasa, na watu wengi, wakiwemo wa kanisani, wanaamini kwamba neno hilo litamrudia yeye au watoto wake.

Baba alinipigia jioni hiyo. Sauti yake ilikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeisikia tangu nimalize shule. Aliniambia kwa Kimeru kwamba yule mtu amekuja, na kwamba alimkataza kuketi hadi aseme kilichomleta. Kwamba alisimama katikati ya boma, akavua kofia, akasema amemkosea binti wa nyumba hii, kwamba shetani alimpitia. Watu wote walisikia. Baba aliniambia sasa niende kwenye hiyo kamati yangu bila hofu, kwa sababu mtu ameshakubali kosa mbele ya mashahidi, na mtu asiye na kosa habebi kondoo kutoka Embu hadi Kiirua.

Nilikasirika kwamba hawakuniita. Lakini nitasema wazi kwamba nilipokata simu sikuona ubaya mkubwa. Niliona kama baba alivyoona. Nilikuwa na sheria na shahidi, na sasa nilikuwa na mtu aliyekiri. Mimi na baba tulifanya kosa moja, na ni kosa ambalo mtu wa kwetu tu ndiye angelifanya. Tulidhani kila mtu aliyeko kwenye meza ya kamati angemwona kondoo na kuona kukiri.

Asubuhi ya kamati nilikutana na yule mama karani kwenye korido nje ya chumba cha mikutano. Alikuwa amevaa vizuri, kama anayekwenda harusini, na hakuwa ananitazama. Nilimshika mkono nikamshukuru mapema. Akauondoa mkono wake, si kwa ukali.

"Mzee yangu alikula, my dear," aliniambia. "Alienda huko kwenu, akakula. Sasa hii mdomo nitaifungua namna gani?"

Nilimwambia kwamba yeye hakula. Akasema nyama ikiliwa na mwenye nyumba imeliwa na nyumba, na ana wajukuu. Nilimkumbusha alichoniahidi. Akaanza kulia pale pale, akajifuta kwa ncha ya leso ili wasimwone, na nikajikuta mimi ndiye ninayembembeleza.

Kamati ilikuwa na meneja, wakulima wawili wa bodi, na mwakilishi wa wafanyakazi ambaye hakusema neno toka mwanzo hadi mwisho. Nilieleza yaliyonipata. Nilieleza vizuri, kwa maneno ya sheria, kama wakili alivyotufundisha, nikasema ni nini kiliahidiwa na ni nini kilitishiwa, na kwamba sikutaka na nilimwambia sitaki. Sauti yangu haikutetemeka. Nilikuwa nimejifunza hotuba hiyo nikiosha vyombo na nikitembea kwenda kazini, na niliitoa yote.

Bosi alipopewa nafasi hakubishana nami hata kidogo. Alisema kwa unyenyekevu kwamba kulikuwa na kutoelewana kidogo kati yake na binti, kwamba alipoona binti ameumia alikwenda nyumbani kwao na wazee kama mtu mwenye heshima zake, na kwamba baba mzazi alimpokea, wakala pamoja, wakaomba pamoja, na yakaisha. Alishangaa kwamba tuko hapa.

Wale wakulima wawili wakatingisha vichwa. Meneja akaniuliza kama ni kweli baba yangu alimpokea. Nikasema ni kweli, na nikasema pia kwamba huko kwenye boma bosi alilitaja kosa lake kwa mdomo wake, na wamuulize kama hakulitaja. Hawakumuuliza. Nikawauliza wao: kama hakukuwa na kosa, kondoo alikuwa wa nini? Mmoja wa wale wakulima, mzee ambaye ninajua kabisa kwamba nyumbani kwake kondoo wa namna hiyo ameshachinjwa, akaniambia kwamba kondoo ni heshima tu, ni mtu kutembelea wenzake. Hapo ndipo nilipoelewa. Akiwa bomani, kondoo alikuwa kukiri. Alipovuka mlango wa ofisi akawa kusamehe. Kila mtu pale alijua maana zote mbili, na kila mmoja alichukua ile iliyomfaa.

"Lakini mmeshapatana," meneja alisema.

"Mimi sikupatana na mtu. Mimi sikuwepo."

"Baba yako alikuwepo."

Wakamwita mama karani. Aliingia, akaketi, akaulizwa kama aliwahi kuona lolote katika chumba cha kuonjea chai. Alisema yeye aliingia kuchukua trei. Alisema hakuona kitu. Alisema hivyo akiwa ameutazama mkoba wake, na hakuna aliyemuuliza tena.

Waliandika kwamba jambo limekwisha kwa njia ya amani kati ya familia husika. Walinishauri niwe mtu wa maombi. Mkataba wangu ulipofika mwisho haukuongezwa, kwa sababu, waliniambia, majani yamepungua. Majani hayakuwa yamepungua. Mimi ndiye niliyekuwa nikiandika uzani.

Nilirudi upande wa kwetu, na nikamtafuta yule wakili katika ofisi yake ya Meru mjini, juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Alinikumbuka kwa sababu ya sambusa niliyoiacha. Nilimweleza yote, hadi kondoo, na nilipofika kwenye kondoo aliacha kuandika. Alikuwa binti wa Tigania, Mmeru kama mimi, hakuhitaji kuelezwa. Aliniambia kwamba hakuna mstari katika sheria yoyote ya Kenya unaosema baba anaweza kusamehe kosa nililofanyiwa mimi kazini, na kwamba kamati ya kiwanda si mwisho wa dunia, kuna mahakama ya kazi, na nina miaka mitatu ya kuifikia. Lakini akaniuliza mahakamani tutamleta nani. Yule mama ameshasema hakuona. Waliobaki ni wazee wa bosi, na baba yangu. Baba alikuwa amemsikia bosi akikiri. Baba akisimama na kuyarudia yale maneno mbele ya jaji, alisema, tuna kesi nzuri kuliko nyingi alizoziona.

Nilikwenda Kiirua siku hiyo hiyo. Nilimkuta baba akikata nyasi za ng'ombe chini ya shamba. Nilimsaidia kukusanya, nikamweleza anachotakiwa kufanya, na hakunikatiza. Alipomaliza fungu lake alikaa juu yake. Baba huniita mama, kwa kuwa nimepewa jina la mama yake.

"Mama, siwezi," alisema.

Alinieleza sababu, na sababu zake nilizijua zote. Alikuwa amekula. Neno lile lilizikwa pale bomani na yeye ndiye aliyelizika, kama mwenye boma, na mwenye boma hafukui. Kaka yangu alikuwa na mtoto mchanga. Baba hakuwa mtu wa ushirikina, alikuwa mwalimu wa shule ya Jumapili kwa miaka mingi, na niliona kwamba kusema hivyo kulimwaibisha. Lakini alisema.

Nilimwambia kwamba yule mtu yuko kazini na mimi niko hapa ninakusanya nyasi. Nilimwambia amenisamehea kitu ambacho hakukibeba yeye. Sauti ilinipanda, jambo ambalo sikuwahi kumfanyia baba yangu. Yeye hakupandisha sauti yake. Alinitazama kama mtu ambaye amekuletea zawadi na wewe unaitupa.

"Yule mtu aliinama mbele yangu," alisema. "Mtu wa gari, mtu wa ofisi. Aliinama hapa kwangu. Hiyo kamati yako, hiyo korti, nani mwingine amemwinamisha?"

"Hakuniinamia mimi, baba."

"Mimi ndiye wewe," alisema.

Alilisema kwa upendo, na hilo ndilo lililonimaliza. Wakili wangu alikuwa na majibu kwa vitisho, kwa uongo na kwa kamati zinazolala. Sheria yake iliandikwa na watu walioamini kwamba mimi ni mtu mmoja, mwenye mdomo mmoja na mwili mmoja, na kwamba mwili huo ukiguswa nitalalamika mimi na nitasamehe mimi. Mimi pia niliamini hivyo kwa muda, pale Embu hotelini. Lakini kwetu nilikuwa kiungo cha nyumba ya baba, na nyumba ilikuwa imeshiba. Nilimpenda baba yangu na nilimchukia siku hiyo kwa nguvu ambazo sikujua ninazo, na hisia hizo mbili zimeishi ndani yangu tangu hapo bila hata moja kuishinda nyingine.

Wakili alisema anaweza kumlazimisha. Mahakama ingemwandikia hati aje. Nilimfikiria baba kizimbani, na koti lake la Jumapili, amewekewa Biblia mkononi na kuambiwa aseme kweli yote, huku akiamini kwamba kila neno analolisema linamwendea mjukuu wake. Nikasema hapana. Wakili hakunisukuma. Aliniambia mlango uko wazi hadi muda uishe, na mara mbili tatu alinipigia kuniuliza. Muda uliisha. Niliijua wiki ulipoisha, nikapalilia viazi wiki nzima, na jioni nilikula na baba meza moja.

Mama ndiye peke yake aliyewahi kunigusia jambo hilo. Tulikuwa tukifunga mzigo wa Gakoromone asubuhi, akasema, bila kugeuka, kwamba yeye hawakumuuliza. Walimpa blanketi tu. Nikamuuliza kama wangemuuliza angesema nini. Akasema viazi vile vidogo niviweke chini ya gunia.

Sasa nafanya kazi nyingine, ya duka, na huwa sifikirii habari hizo kila siku. Bosi yuko pale pale. Najua kwa sababu mwaka jana nilipigiwa simu na msichana nisiyemjua, mwenye sauti ya mtu aliyejificha mahali. Namba yangu alipewa na yule mama karani, ambaye alikuwa ameshastaafu, na labda hiyo ndiyo njia aliyoiona ya kusema bila kusema. Msichana huyo alikuwa amepewa meza yangu. Alianza kunieleza habari za chumba cha kuonjea chai, na nikamwambia hana haja ya kumaliza.

Nilifunga duka nikamwambia yote ninayoyajua. Nilimwambia asifute ujumbe wowote kwenye simu. Nilimwambia aandike kila siku jambo lilipotokea na aliyekuwa karibu, aipate sera nyuma ya mlango wa meneja aipige picha, apeleke malalamiko na abaki na nakala, kisha asingoje kamati, aende kwa afisa wa kazi Embu na kwa wakili wangu Meru, ambaye atamsaidia. Nilimwambia sheria iko upande wake. Nilisema kwa nguvu, na nilipokuwa nikisema niliamini. Alinisikiliza vizuri sana, akinirudishia kila kitu ili asisahau, na nikafikiria kwamba huyu atafika.

Kisha nikamwambia la mwisho, kwamba kwa sasa habari hizi zisifike kwao. Baba yake asijue hadi kesi isikizwe.

"Baba anajua, sister," alisema. "Wanakuja Saturday. Mathe yangu ameenda kuomba kanisa wamwazime sufuria kubwa."